Wanaojifanya Nyama na Wanaofanya Kazi ya Nyama: 10 Bora, Kuanzia Mkiani

Kaa tayari kubisha. Leo tunapanga vyakula 10 vinavyogombea kiti cha nyama kwenye sahani, kuanzia wa mwisho hadi bingwa. Kama wewe ni mtu wa mishkaki kila Ijumaa, ujue umealikwa kwa makusudi.

Kigezo ni kimoja: ukimtoa nyama ukamweka huyu, mwili wako unapata nini na unapoteza nini? Sura haina alama. Kuchuruzika damu ya bandia hakuna hata nusu alama.

Na nyama yenyewe tumtendee haki. Oktoba 2015, IARC, taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani, iliziweka nyama za kusindikwa, yaani soseji, bekoni na wenzao, kwenye kundi la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani. Nyama nyekundu iliwekwa kundi linalofuata, la vinavyoelekea kuisababisha. Gramu 50 za nyama ya kusindikwa kila siku huongeza hatari ya saratani ya utumbo mpana kwa takriban asilimia 18. Hiyo ni kesi yake. Sasa utetezi: nyama inakupa protini kamili, madini ya chuma yanayofyonzwa kirahisi, zinki na vitamini B12. Anayetaka kiti hicho aje na mzigo, asije na mavazi tu.

Filimbi imelia.

10. Biringanya la kukaanga

Kwenye shughuli yoyote, mgeni akisema hali nyama, mpishi anakimbilia biringanya. Nia njema, hesabu mbaya. Gramu 100 za biringanya zina protini kama gramu 1. Gramu 100 za nyama ya ng'ombe iliyopikwa zina karibu 26. Ili biringanya lilipe deni hilo, inabidi ule zaidi ya kilo mbili na nusu, na mwenye shughuli ataanza kukuangalia vibaya. Juu ya hapo, biringanya likiingia kwenye karai linakunywa mafuta bila aibu, kwa hiyo umekimbia mafuta ya ng'ombe ukayakuta ya chupa yanakungoja.

*Hukumu:* Mboga tamu, mbadala hewa. Lichome kwenye makaa, likamulie ndimu, kisha utafute protini kwa mwingine.

9. Fenesi bichi

Huko Ulaya na Marekani fenesi changa linachambuliwa nyuzi nyuzi, linapikwa na sosi ya moshi, kisha linawekwa kwenye mkate na kuitwa nyama ya kuchambua. Linauzwa kwenye kopo, kwa bei ambayo mtu wa Unguja mwenye mfenesi uani ataomba arudiwe kutajiwa. Kwa mdomo, kiini macho kimekamilika. Kwa mwili, protini haifiki hata gramu 3 kwa kila gramu 100.

Tusilionee, lakini. Lina nyuzinyuzi, lina potasiamu, na mafuta yake ni karibu na sifuri. Aliyezidisha nyama kwa miaka mingi, mlo mmoja wa fenesi utampumzisha. Anayelitegemea kujenga misuli atasubiri sana.

*Hukumu:* Lina nyuzi za nyama, halina kazi ya nyama. Likae na maharage sahani moja, tutaelewana.

8. Soseji za mimea

Hapa watu wa Nairobi wasogee karibu, maana tunawaza smoki za kona ile, zile zinazopasuliwa katikati na kujazwa kachumbari. Soseji ya mimea inakuja kumtoa mshindani aliye dhaifu kuliko wote: nyama ya kusindikwa, ile ya kundi la kwanza la IARC. Kumshinda huyo hakuhitaji ubingwa.

Tatizo ni kwamba mshindi naye ametoka kiwandani, na chumvi ameibeba. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, ukihesabu vyakula vyote. Soseji mbili, chipsi na tomato sosi vinaweza kula sehemu kubwa ya kijiko hicho kabla hujafika chakula cha usiku. Mwenye presha asome pakiti kwanza.

*Hukumu:* Ukiacha smoki za kila siku ukashika hizi, umepanda. Ukiacha maharage ukashika hizi, umeshuka, na nauli umelipa.

7. Seitani

Chukua unga wa ngano, ukande, uoshe kwa maji mpaka wanga utoke, na kinachobaki mkononi ni protini tupu inayovutika. Watawa wa Kibuddha wa China na Japani wameila kwa karne nyingi. Ni chapati iliyofukuza wanga wote nyumbani.

Kwa wingi wa protini, seitani haogopi mtu. Kwa ubora, anachechemea: amepungukiwa laisini, mojawapo ya asidi za amino ambazo mwili hauwezi kujitengenezea. Na kwa mwenye ugonjwa wa siliaki, ambaye utumbo wake hushambuliwa kila akila protini ya ngano, hii ni sumu iliyokolea.

*Hukumu:* Misuli mingi, ukoo finyu. Mtafutie dengu amsaidie, na mgonjwa wa siliaki asimsogelee.

6. Baga inayotoa damu

Najua umeruka namba zote kuja hapa. Haya.

Kampuni ya Impossible Foods ya Marekani ilizindua baga yake mwaka 2016. Siri yake ni hemu, kitu kile kile kinachoipa nyama rangi na ladha ya damu. Wameitoa kwenye protini ya mizizi ya soya na kuizalisha kwa hamira iliyobadilishwa vinasaba. Wapinzani wao, Beyond Meat, wanatumia protini ya njegere na kupaka rangi kwa kiazisukari chekundu. Wote wawili wanatoa protini kama gramu 20 kwa baga ya gramu 113, karibu sawa na ya ng'ombe. Kolesteroli ni sifuri. Makofi.

Sasa tushushe mikono. Baga ya Impossible iliyotoka 2019 ilikuwa na gramu 8 za mafuta yanayoganda, sehemu kubwa ikitokana na mafuta ya nazi. Hiyo ni karibu sawa na nyama ya kusaga yenye mafuta ya asilimia 20. Sodiamu ilikuwa miligramu 370, wakati nyama mbichi ya kusaga ina kama 75 kabla hujaitia chumvi yako.

Je, mwilini? Mwaka 2020 Chuo Kikuu cha Stanford kilichapisha jaribio lililoongozwa na Christopher Gardner. Watu 36 walikula nyama kwa wiki 8 na bidhaa za mimea kwa wiki 8. Walipokuwa upande wa mimea, LDL, yaani kolesteroli mbaya, ilishuka, uzito ukapungua kama kilo moja, na kemikali iitwayo TMAO, inayohusishwa na magonjwa ya moyo, ikapungua. Habari njema, japo fedha za utafiti zilitoka Beyond Meat wenyewe. Kisha mwaka 2024 likaja jaribio la Singapore: watu 89 walio hatarini kupata kisukari, wiki 8 vilevile. LDL haikuonyesha tofauti ya maana kati ya waliokula nyama na waliokula za mimea.

Moja kwa sifuri, halafu sare. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na baga hii imetembezwa sana.

*Hukumu:* Si mbaya, si dawa. Ile wikendi badala ya baga ya ng'ombe. Ukiila kila siku kwa jina la afya, unalipia tangazo.

5. Uyoga mamama

Protini yake ni ndogo, kama gramu 3 kwa gramu 100, na kwa hilo pekee angekuwa mkiani na biringanya. Kilichompandisha ni akili. Uyoga una utamu wa asili unaofanana na wa mchuzi wa nyama, kwa hiyo chungu kinahitaji chumvi kidogo. Na una jambo ambalo mboga nyingine hazina: ukiuanika kwenye jua la mchana kabla ya kupika, unatengeneza vitamini D.

Mbinu yetu: kata uyoga vipande vidogo, changanya nusu kwa nusu na nyama ya kusaga. Nyama imepungua nusu, mafuta yamepungua, na shemeji mbishi hatagundua mpaka umwambie.

Wasomaji wa Leicester na London watauliza kuhusu Quorn. Huyo ni binamu wa kuvu aliyeingia sokoni Uingereza mwaka 1985, akikuzwa kwenye matangi kutokana na kuvu wa udongoni aitwaye Fusarium venenatum. Protini yake ni kama gramu 11 kwa gramu 100, na ana nyuzinyuzi za kutosha. Kwa protini angempita mamama hapa hapa, ila watu wachache matumbo yao yanamkataa. Anza na kidogo.

*Hukumu:* Msaidizi bora kuliko wote kwenye orodha, bosi hapana. Na wa porini usiokuwa na uhakika nao, uache huko huko porini. Huo hauleti mjadala, unaleta msiba.

4. Karanga

Gramu 100 za karanga zina protini kama gramu 26. Umesoma vizuri: sawa na nyama ya ng'ombe iliyopikwa. Mafuta yake mengi ni yale yanayoupenda moyo. Miaka ya 1890, Daktari John Harvey Kellogg wa Battle Creek, Marekani, Msabato wakati huo, alikuwa tayari anauza "nyama" ya karanga iliyoitwa Nuttose. Bibi zetu hawakuhitaji kiwanda. Walizitwanga wakazitia kwenye kisamvu, mjadala ukaisha.

Tukiwa kwa Wasabato, sikia hili. Utafiti wao mkubwa wa Marekani na Kanada uliofuatilia watu zaidi ya 73,000, uliochapishwa mwaka 2013, ulikuta wasiokula nyama, pamoja na wanaoila kwa nadra, walikuwa na vifo pungufu kwa asilimia 12 kuliko wanaoila kwa kawaida. Usikimbilie kusema ni kwa sababu hawavuti sigara, maana walilinganishwa Wasabato kwa Wasabato.

Kwa nini basi karanga ziko namba 4? Kwanza, gramu 100 zina kalori zaidi ya 550, na mkono ukiingia kwenye bakuli hautoki. Pili, sumukuvu. Karanga zilizohifadhiwa na unyevu huota kuvu wanaotoa aflatoksini, sumu inayoharibu ini na kusababisha saratani yake. Kukaanga hakuimalizi.

*Hukumu:* Ngumi moja kwa siku inatosha. Iliyosinyaa, iliyobadilika rangi au iliyo chungu, tupa. Huruma kwa karanga mbovu ni ukatili kwa ini.

3. Vipande vya soya

Vikavu, vyepesi, vinakaa kabatini miezi bila friji, na wanafunzi wa vyuo wamevitumia kumaliza shahada. Vinatengenezwa kwa unga wa soya uliokamuliwa mafuta, na vikiwa vikavu nusu ya uzito wake ni protini. Tahadhari ya hesabu: asilimia 50 hiyo ni ya pakiti. Ukiviloweka vinabeba maji, na kwenye sahani inabaki chini ya nusu ya kiasi hicho. Bado ni ushindi, maana protini ya soya ni kamili, karibu ifanane na ya nyama, na kolesteroli haina. Majaribio mengi yakikusanywa yanaonyesha protini ya soya hushusha LDL kwa asilimia 3 hadi 4. Si muujiza, ila ni zawadi.

Sasa lile la vijiweni, kwamba soya inapunguza uanaume. Uchambuzi wa majaribio uliochapishwa 2010, na mwingine mpana zaidi wa 2021, haukuona soya ikishusha homoni ya kiume. Bia za Ijumaa zina maswali mengi ya kujibu kuliko soya.

*Hukumu:* Shaba halali. Kinachovipotezea alama ni mpishi anayevizamisha kwenye viungo vya paketi mpaka vinakuwa chumvi yenye soya ndani.

2. Tofu na tempe

Wamepanda jukwaani pamoja kwa sababu mama yao ni mmoja, soya. Tofu ya China ni maziwa ya soya yaliyogandishwa. Ikigandishwa kwa chumvi ya kalsiamu, unapata protini na mifupa inapata chake. Ukiigandisha nyumbani kwa ndimu au siki, protini ipo, kalsiamu ile haipo. Usidai usichokiweka.

Tempe ya Java, Indonesia, ni soya nzima iliyochachushwa na kuvu mwema mpaka ikashikana. Uchachushaji hupunguza fitati, kile kinachoyafunga madini ya chuma na zinki yasifyonzwe. Na kwa kuwa punje hazikamuliwi, nyuzinyuzi nyingi zimebaki. Kiwandani haijaguswa sana, na chumvi karibu haina.

Kilichowanyima dhahabu? Nenda soko la Kariakoo au la Kisii uulize tempe, usikie majibu. Chakula kisichopatikana hakimtibu mtu.

*Hukumu:* Fedha kwa heshima zote. Kijana mwenye wazo la biashara, soya inalimwa hapa hapa, nafasi iko wazi.

1. Maharage na ukoo wake wote

Ndiyo. Kunde, mbaazi, choroko, dengu, njugu mawe, wote wapande juu. Unanung'unika? Ulitaka kitu cha kigeni? Leta hesabu, nasi tunaleta zetu.

Gramu 100 za maharage yaliyochemshwa zina protini kama gramu 9 na nyuzinyuzi kama 6. Nyama ina nyuzinyuzi sifuri, na nyuzinyuzi ndizo zinazolinda utumbo ule ule ambao soseji inautishia. Majaribio 26 yaliyokusanywa pamoja mwaka 2014 yalionyesha kwamba mlo mmoja wa jamii ya kunde kwa siku hushusha LDL kwa kama asilimia 5. Umeona: mwanakijiji asiye na tangazo hata moja ana ushahidi ulionyooka kuliko baga ya damu.

Utasema protini yake si kamili. Kweli, yamepungukiwa methionini, asidi nyingine ya amino. Mahindi nayo yamepungukiwa laisini. Sasa yakutanishe kwenye chungu kimoja: Mpare anaita makande, Mkikuyu anaita githeri, na mwili unaita protini kamili. Mtu wa pwani mwenye mbaazi za nazi na mahamri yumo humo humo, ila hilo tui lipimwe.

Utasema yanaleta gauti. Utafiti wa Marekani uliofuatilia wanaume zaidi ya 47,000 kwa miaka 12 ulikuta nyama na vyakula vya baharini ndivyo vilivyoongeza hatari. Mboga na jamii ya kunde zenye purini, kemikali inayolaumiwa kwa gauti, hazikuongeza.

Utasema yanaleta gesi. Hapo sibishi. Loweka usiku, mwaga maji, na anza kidogo kidogo mpaka tumbo lizoee. Kisha chemsha kwelikweli, maana maharage mekundu yasiyoiva yana lektini zinazotapisha na kuharisha. Kamulia ndimu au weka nyanya ili chuma kifyonzwe, na chai ya rangi isubiri saa moja, kwa sababu inakizuia.

*Hukumu:* Dhahabu. Hajawahi kujifanya nyama hata siku moja, ndiyo maana anaifanya kazi yake.

Waliorudishwa mlangoni

Dagaa walikuja na mashabiki wao wote wa Kanda ya Ziwa. Senene wa Bukoba wakaja na ndoo. Wote wana protini ya kutisha, lakini wote ni wanyama, na mashindano haya ni ya wasio wanyama. Hata hivyo, kama nia yako ni kupunguza nyama nyekundu tu, dagaa ni chaguo bora: kalsiamu kwa sababu unakula na mifupa, na B12 juu yake.

Kiti ambacho hakuna aliyekikalia

Hapa utani unapungua kidogo. Hakuna hata mmoja kati ya hawa 10 unayeweza kumtegemea kwa vitamini B12, isipokuwa aliyeongezewa kiwandani. Ini lina akiba inayoweza kudumu miaka, kwa hiyo aliyeacha vyakula vyote vya wanyama anaweza kujiona mzima huku akiba ikiisha. Ikiisha, damu inapungua na mishipa ya fahamu inaumia, wakati mwingine bila kupona. Maziwa, mayai au dagaa vinaziba pengo. Asiyegusa vyote hivyo anahitaji vidonge au vyakula vilivyoongezewa.

Ushahidi wa Uingereza nao unaonyesha kwamba kuacha nyama kuna faida na hasara. Utafiti wa Oxford uliofuatilia watu zaidi ya 48,000, uliochapishwa 2019, ulikuta wasiokula nyama walikuwa na ugonjwa wa moyo pungufu kwa asilimia 22, lakini kiharusi kilikuwa juu kwa asilimia 20. Mwaka uliofuata, watafiti hao wakaona wasiogusa chochote cha mnyama walivunjika mifupa zaidi kwa asilimia 43. Kumtoa nyama si kazi yote. Kazi ni kujua unamweka nani, na nani wa kumsaidia.

Na nani amtoe? Anayekula nyama choma kila wikendi na soseji kila asubuhi, huyu atoe leo. Mtoto anayeonja kipande cha nyama mara moja kwa wiki, au mjamzito mwenye upungufu wa damu, huyu asiguswe. Kwake kipande kile ni dawa, na kumnyang'anya kwa jina la afya ni kosa. Orodha hii imeandikwa kwa waliozidisha. Waliopungukiwa waongezewe.

Sasa zamu yako. Mtetezi wa seitani, shabiki wa baga, wakili wa biringanya, njooni. Masharti ni mawili: uje na hesabu ya protini, chumvi na B12, na uje umeshiba makande ili tubishane kwa nguvu sawa.